Mistari Mia Tatu na Kumi na Miwili ya Maryamu Mhina

Uliangalia pembeni. Usinikatalie, nilikuona. Siku ile kwenye ofisi ya kijiji cha Kwedizinga, Sadala aliposimama na karatasi zake kusoma ripoti, wewe uliinamia simu kana kwamba kuna ujumbe umeingia, na pale mtandao haufiki. Mwenzako alijifanya anafunga kamba ya kiatu, naye amevaa kandambili. Mwingine alitazama mabati ya juu kama anayehesabu misumari. Na Maryamu Mhina alisimama katikati yetu, mama wa miaka hamsini na kitu, amevua kizibao cha kazi kama alivyoamriwa, amekikunja vizuri na kukishika kwa mikono miwili, akisubiri mmoja wetu aseme neno.

Hakuna aliyesema. Hata mimi. Nilikaa nyuma ya meza na kompyuta mbele yangu, nikaangalia pembeni kuliko nyote, maana ripoti ile ilitoka mkononi mwangu.

Naitwa Asnath, wa Manundu, Korogwe. Kazi yangu ni kutibu programu zinazougua. Chuo sikusoma. Nilijifunza kwa kukosea, na kila kosa nikaliandika kwenye daftari pamoja na dawa yake. Programu ya simu inaganda: inasubiri mtandao usiokuja, ifundishe kuendelea na kazi na kutuma baadaye. Hifadhidata inakuletea mtu mmoja mara mbili: umeunganisha majedwali mawili kwa jina, nenda kaunganishe kwa namba. Tarehe zimegeuka, mwezi umekaa mahali pa siku: usilaumu mashine, tafuta nani alijaza na kwa mazoea gani. Hilo la mwisho nililiandika kwa wino mwekundu. Nililiandika mwenyewe, halafu sikulisoma.

Mnaonijua mnajua pia mdomo wangu. Nimesimama kwenye mikutano mingi ya Korogwe nikauliza maswali mpaka nikazimiwa kipaza sauti. Nimerithi. Babu yangu alikata mkonge, na mfukoni alikuwa na kipande, ile kadi ya visanduku thelathini ambayo msimamizi ndiye aliyeijaza. Siku moja babu alikata mzigo wake wote, lakini msimamizi alipopita kwenye mstari wake babu alikuwa amejitenga kwenda haja. Kisanduku kikabaki cheupe. Kesho yake akaonyesha mikono, miiba ya jana bado imo, akaambiwa: jana hukuwepo. Alituhadithia jambo hilo mpaka anazikwa. Nikakua na hasira ya kisanduku cheupe ambacho hata sikukiona. Kisha siku ikafika, kalamu nikashika mimi.

Kulikuwa na mradi, tuuite Hodi Mama, nisiwape sifa ya jina lao. Akina mama wa kujitolea walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwaona wajawazito, wakijaza kwenye simu: umemtembelea nani, saa ngapi, ana dalili gani, na chini kabisa nafasi ya maelezo. Sadala ndiye aliyesimamia takwimu zao Handeni. Aliniletea magonjwa matatu.

La kwanza: simu zikiisha chaji saa yake inapotea, ziara ya wiki hii inaingia hifadhidata kama ya mwaka sabini, kabla ya mjazaji mwenyewe kuzaliwa. Nikaiondoa saa ya simu. Tarehe nikaifanya ile ya siku mstari unapoingia kwetu, na saa nikaweka kisanduku mtu aandike mwenyewe. Namba tu, sifuri mpaka ishirini na tatu.

La pili: vijijini mtandao ni mwembamba, mistari mingi ikitumwa pamoja inakwama yote. Nikaifanya programu itume mitano mitano kila simu inapoonja mtandao.

La tatu lilikuja miezi baadaye: Sadala alitaka data safi. "Toa ziara za uongo," alisema. Nikachora ziara zote kwa saa zake. Mchana ulijaa kama inavyotakiwa. Lakini kule pembeni, kati ya saa saba na saa kumi usiku, palisimama kilima kidogo peke yake.

Kila dawa ilikuwa nzuri. Ziweke zote kwenye kikombe kimoja uone.

Kona yangu ipo ndani ya duka la Taher Abdulhussein, anayeuza madaftari na makava ya simu karibu na soko. Sadala alikuja siku hiyo, akainama juu ya bega langu.

"Fundi, hii ya usiku ni ya nani?"

"Yote ya mtu mmoja. Maryamu Mhina, Kwedizinga. Mistari mia mbili sabini na mmoja."

"Saa nane usiku yuko kwa mjamzito? Saa tisa yuko kwa mwingine?" Alicheka. "Huyu mama anatudanganya au anawanga. Chagua moja, dada."

"Chagua wewe. Mimi nasafisha tu."

Taher alikuwa juu ya kiti akipanga madaftari. Hakugeuka. "Sadala," alisema, "mchawi gani anajaza fomu?"

Tulicheka watatu. Mimi nilicheka mpaka machozi. Lile lilikuwa swali, tena swali zuri kuliko yote niliyowahi kuuliza mikutanoni, nami nikalipokea kama mzaha. Nikaandika chujio, mstari mmoja wa amri: ziara yoyote kati ya sifuri na tano, tupa. Nikabonyeza. Mistari mia mbili sabini na mmoja ikaondoka, na mchoro ukawa mzuri.

Mkutano mnaujua. Sadala hakusema mchawi, hapana, yeye ni mtu wa ofisi. Alisema ziara mia mbili sabini na moja zimeondolewa kwa kuwa zimefanyika kati ya saa saba na saa kumi usiku, kisha akasoma nyumba moja moja. Kwa Hamisa, mke wa Sabiri, usiku. Kwa fulani, usiku. Kwenu, usiku.

Maryamu alisema, "Mwanangu, mimi usiku hata chooni nasindikizwa."

Wachache mlicheka. Halafu mzee mmoja kule nyuma akauliza taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe: "Kwa hiyo nani alikuwa anakuja kwetu usiku?"

Nilisikia mbuzi nje. Nikasikia feni ya kompyuta yangu. Kuanzia pale mlianza kumkumbuka kila mmoja kwa namna yake. Mmoja mtoto wake alilia usiku wa Alhamisi. Mmoja mbwa alibweka. Maryamu akaweka kizibao mezani, mbele yangu, akaweka na mkoba. Simu yake walimwachia, kioo kimepasuka, ya nini.

Mwezi wa Nne Hamisa alifariki na mtoto tumboni, njiani kupelekwa hospitali. Mwezi wa Sita akafariki Maryamu. Homa, walisema. Alikaa siku tatu ndani peke yake, hodi haikupigwa, hata ya kuomba moto. Sadala alinipigia: "Yule mama wa Kwedizinga hayupo tena, mfute kwenye orodha ya wahudumu." Nikamfuta. Nikanywa chai.

Basi mwezi wa Nane, asubuhi, Taher ndio kwanza ameinua lango la duka, nafungua hifadhidata kuangalia kama chujio limefanya kazi. Kila siku hunionyesha lilichotupa. Lilikuwa limetupa mistari mitano.

Maryamu Mhina, tarehe ya leo, 02:00, nyumba ya Hamisa.

Maryamu Mhina, tarehe ya leo, 03:00. Tena 03:00. 04:00.

Wa tano: Maryamu Mhina, tarehe ya leo, 02:00, nyumba ya Hamisa.

Marehemu alimtembelea marehemu, mara mbili, usiku uleule.

"Asnath," Taher aliita kutoka kaunta, "mbona uso umekuwa wa majivu?"

"Kuna mtu ameniletea kazi."

"Basi fanya."

"Alikufa mwezi wa Sita."

Alikuja, akavaa miwani, akasoma. Alisoma mara mbili kwa mdomo bila sauti. Kisha akazima redio.

"Kuna mtu ana simu yake," nilisema. "Lazima. Mtu anachezea."

"Labda." Alivua miwani. "Lakini mimi nilikuuliza kitu mwezi wa Pili, hukunijibu."

Sikutaka kukumbuka. Nikasubiri siku mbili. Ikaja mitano mingine. Siku ya nne mitano, na hivyo hivyo kwa wiki mbili, mpaka ikatimia arobaini. Zote usiku, zote zake, na nyumba ya Hamisa ikirudi kama mtu anayegonga asiposikiwa anagonga tena. Usingizi haukunisumbua. Asubuhi ndiyo ilinisumbua. Taher akiinua lango, saa mbili kamili, nilikuwa nasikia kitu kidogo kikigonga mara tatu kwenye bati, kikavu, kama ncha ya kalamu. Nikitoka, hakuna mtu, jua tu, na akina mama wa Kwamndolwa wakipita na ndizi kichwani.

"Nenda," Taher aliniambia siku ya kumi na tano. "Hii huwezi kuitibu ukiwa umekaa."

Nilipanda gari kabla jua halijapanda, nikamalizia kwa bodaboda. Nilipouliza kwa marehemu Maryamu, dereva alinishusha mbali na nyumba, akageuza pikipiki bila kuzima. Nyumba ilikuwa nyuma ya michungwa, uwanja umefagiliwa. Mwanamke wa rika langu alikuwa anapukuchua mahindi.

"Hodi."

Aliinua kichwa haraka, kama mtu aliyesahau neno hilo. "Karibu."

"Natafuta watu wa Maryamu Mhina."

"Watu ndio mimi. Husna, mwanawe." Aliniangalia, akaangalia mkoba wangu. "Wewe ndiye yule wa kompyuta."

"Ndimi."

Nilidhani atanifukuza. Alisogeza kigoda. "Kaa. Kuna uji. Unywe, dada, maana hapa wiki ya saba napika, mtu hanywi. Nikikutana nao kisimani wanamwaga maji waliyochota, wanachota upya."

Nilikunywa. Alinieleza yeye ameolewa Kwamndolwa, amekuja kukaa kwenye shamba la mama yake ili lisichukuliwe, na sasa wamemwambia asubiri mkutano wa kijiji, wataamua aondoke au akae. Wengi wanataka aondoke kabla ya mavuno. Mtoto wa mchawi, dada, hawezi kuvuna mahindi yakalika.

"Simu ya mama unayo?"

Aliitoa kwenye upande wa khanga, akanipa. "Naongea nayo na wanangu. Napanda pale mwinuko wa shule, ndipo mtandao unapokamata. Naenda watu wakiwa shambani. Wakinikuta wanateremka."

Hapo nusu ya mzimu ikayeyuka. Kila alipopanda mwinuko, simu ilionja mtandao ikatuma mitano, iliyokuwa imekwama humo tangu mama yake yu hai, na hifadhidata yangu ikaiandika tarehe ya leo kwa sababu ndivyo nilivyoiamuru. Nilitaka kucheka kwa nafuu. Lakini bado usiku. Tarehe nilimbadilishia mimi. Saa aliandika mwenyewe.

"Husna, mama alikuwa akitoka usiku?"

"Mama?" Aliacha kupukuchua. "Mama alikuwa anaogopa fisi, anaogopa giza, anaogopa hata popo. Alitoka asubuhi. Wenzake walipita mchana watu wakirudi, yeye alisema mchana mjamzito amechoka, atakwambia mzima ili alale. Alitaka awawahi kabla ya shamba. Akifika anagonga na kalamu, mara tatu. Walimtania, mama huyu anagonga kama mwalimu."

Mara tatu, kwa kalamu, kama bati la Taher. Nikamrudishia simu.

"Nijazie ziara, kama alivyokuwa anajaza yeye. Weka mimi nimekuja kwako sasa hivi."

Alitazama kivuli cha mchungwa pale uwanjani, jinsi watu wa hapa wanavyofanya hata wakiwa na simu mkononi. "Sasa ni saa tatu," alisema. Akabonyeza.

"Umeweka ngapi?"

"Tatu. Si saa tatu?"

"Ni saa tatu."

"Basi."

Kuku walikuwa wanaparua. Jua limenipiga mgongoni, uji bado una moto, na kwenye ile simu, kwenye kisanduku nilichokitengeneza mimi, ilikaa tatu peke yake. Mashine inaanza kuhesabu usiku wa manane. Kwake tatu ni saa tisa usiku. Kwa Husna, kwa Maryamu, kwa mama yangu, kwangu mimi tangu nijue kusema, siku inaanza kuhesabiwa jua linapotoka. Niliweka saa ya mashine nikawapa watu wa jua, sikuwaambia, na nikawashangaa.

Wenzake nao walijaza vilevile. Lakini wao walipita saa nane, saa tisa, saa kumi mchana, na mashine ikaona nane, tisa, kumi, ikadhani ni asubuhi, ikawapitisha. Aliyejihimu asubuhi ndiye pekee aliyeonekana anatembea gizani. Mia mbili sabini na mmoja. Saa moja, saa mbili, saa tatu, saa nne asubuhi, umande bado uko kwenye nyasi, mama anagonga mara tatu na kalamu.

Nilimweleza Husna. Nilimweleza polepole, sikujificha. Alisikiliza na mahindi yakimwagika kutoka kwenye kiganja chake.

"Kwa hiyo mama aliuawa na kisanduku," alisema.

"Kisanduku changu."

"Sikukuuliza ni cha nani."

Akayaokota mahindi yaliyomwagika. Baadaye akasema, "Humo ndani bado imo ziara? Ambayo haijaenda?"

Nikaufuta ule wetu wa kujaribia, ukabaki mstari mmoja. Lakini simu inaweka nakala ya yote, na nikaona kitu ambacho kwa miezi sita sikuwahi kukifungua: yale maelezo ya chini. Ripoti hupenda namba, maelezo huachwa. Mistari arobaini na mmoja, yote imejazwa baada ya mkutano ule. Baada ya kuvuliwa kizibao. Aliendelea kupita. Mwinuko wa shule hakuweza kwenda tena, pana watu, kwa hiyo hakuna uliotoka. Alijaza tu, akihifadhi.

Husna alinisomea, sauti haipandi wala haishuki.

"Hamisa. Miguu imevimba. Nimemwambia zahanati."

"Hamisa. Uso umevimba, anasema anaona nyota. Sabiri anasema tusubiri. Nimemwomba sana."

"Nimegonga. Hawakufungua. Kuna moshi jikoni."

"Nimegonga. Mtoto amenichungulia, amevutwa ndani."

Na ule wa mwisho, ambao haukuwa umeondoka: "Nimegonga mara tatu. Hamisa amesema ndani, bibi nenda zako, umekuja usiku inatosha. Nimeacha karatasi ya zahanati chini ya mlango. Nitarudi kesho." Kisanduku cha saa: moja.

"Ile karatasi Sabiri aliichoma," Husna alisema. "Alisema ni hirizi."

Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa nasikia bati la Taher likigongwa. Hata mstari ule wa mwisho ungetoka kwenye ile simu, hata ungefika siku ileile na neno hatari limeandikwa juu yake, chujio langu lingeutupa.

Nilirudi Korogwe, na kazi yenyewe, nisikudanganye, ilichukua dakika arobaini. Kile kisanduku nikakigawa: unachagua asubuhi, mchana, jioni au usiku, ndipo unaandika saa yako unayoijua. Tarehe nikaweka mbili, ya ziara na ya kufika. Mistari ya zamani nikaisogeza saa sita. Kile kilima cha gizani kikahama, kikakaa juu ya asubuhi, kirefu kuliko vyote. Dakika arobaini. Kwenye daftari sikuandika dawa. Niliandika majina mawili.

Nikaenda Handeni kwa Sadala na mchoro mpya. Aliuangalia. Si mtu mbaya, Sadala. Alitoa leso akajifuta shingo.

"Dada Asnath, hii ni kazi nzuri. Ripoti ijayo itatoka sahihi."

"Na Kwedizinga?"

"Kwedizinga wana ripoti?"

"Walisomewa. Wewe ulisoma. Mimi nilikushikia kompyuta."

"Sasa unataka nirudi pale niseme kompyuta ilikosea? Watatuamini tena lini?"

"Kompyuta haikukosea. Iliambiwa."

"Yule mama ameshakufa, dada."

"Mwanawe hajafa."

Alikunja mchoro, akauweka nyuma ya kabati. Alisema ataandika barua. Nimeisubiri wiki tatu. Babu yangu aliambiwa atasikilizwa mwisho wa mwezi.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Sharifu. Nikampa shikamoo, akaniitikia vizuri, akanisikiliza vizuri. "Mwanangu," alisema, "ulichosema mimi nimekielewa. Lakini wewe ni mgeni wa Korogwe. Ulikuja mwanzo na karatasi ukatuambia usiku. Umekuja tena na karatasi unatuambia asubuhi. Kesho utakuja na ipi? Mkutanoni utapewa nafasi ya kusema kama mwenyeji mmoja atasimama kabla yako. Mmoja tu."

Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma, ana haki kabisa.

Nimezunguka. Nimegonga kwenye nyumba zilizo kwenye orodha, na zote mmenikaribisha, mmenipa kiti. Nikiuliza, Maryamu alikuwa akija kwako saa ngapi, mnasema, aa, asubuhi bwana, tunakunywa chai. Mama mmoja aliniambia ndiye aliyemwonyesha mtoto amegeuka tumboni, saa mbili, jua linachoma. Nikauliza, sasa mbona hukusema siku ile? Akashusha macho. "Ripoti ilisema usiku. Nikajua asubuhi alikuja yeye. Na usiku nikadhani alikuja tena, mimi nimelala."

Basi ndivyo mlivyofanya nyote. Mlimpa Maryamu miili miwili: mmoja mlioufungulia mlango, na mwingine mliousomewa. Na mlipolazimika kuchagua, mkachagua wa karatasi. Ule wa karatasi niliuumba mimi, kwa mstari mmoja wa amri, ndani ya duka la madaftari, nikicheka. Hakuna mtu aliyepita kwenu usiku. Hakuna mtu. Mbwa alibweka kwa sababu ni mbwa.

Jana Husna alipanda mwinuko. Mstari wa mwisho umefika, peke yake. Haukutupwa. Umekaa mahali pake: Maryamu Mhina, saa moja asubuhi, mlango wa Hamisa. Nimeichapa yote, mia mbili sabini na mmoja na arobaini na mmoja, jumla mia tatu na kumi na miwili, kila mmoja na saa yake ya jua. Asubuhi hii bati la Taher liligongwa tena. Sikutoka kuangalia. Najua ni nani, na hodi anayopiga si mimi tu niliyepigiwa.

Mkutano ni Jumamosi, ofisi ya kijiji, saa nne asubuhi. Husna atasimama pale pale aliposimama mama yake. Sabiri atakuwepo, na ana haki ya kulia. Mimi nitakuwa mlangoni na karatasi ambazo siruhusiwi kuzisoma.

Wewe ulimfungulia. Ulikuwa na kikombe mkononi, ulimwona na mkoba wake, umande kwenye miguu yake, na ulijua ni saa ngapi. Sihitaji ujue kompyuta. Jumamosi usitazame simu, usitazame mabati. Simama kabla Sharifu hajauliza mara ya pili, taja jina lako na nyumba yako, useme kwa sauti: kwangu alikuja asubuhi. Ukishasema wewe, nitasoma mimi. Na usingoje Jumamosi kuanza. Toka sasa hivi, nenda uwanjani kwa Husna, piga hodi, unywe uji wake.